Roketi "zilizotumika" au "za kutumika tena"?

Swali: Mimi ni mwalimu katika komini ya Kenya, Lubumbashi. Niliwasomea wanafunzi kichwa hiki cha habari: "Kampuni binafsi zashindana kurusha wanaanga kwa roketi zilizotumika." Mmoja akauliza kwa nini Wamarekani wanapandisha watu kwenye roketi kuukuu. Nimsahihishe mwanafunzi au mwandishi?

Jibu: Msahihishe mwandishi, mwalimu. Mwanafunzi wako amesoma sawasawa. "Zilizotumika" inaeleza yaliyokwisha kutendeka, basi. Haisemi lolote juu ya kesho. Mwaka 1977 na 1978 kampuni binafsi ya Kijerumani, OTRAG, ilijaribu roketi zake huku kwetu, kaskazini mwa Shaba, yaani Katanga. Tukiziita "roketi zilizotumika Shaba" hatujakosea, ingawa hazikuundwa kuruka mara ya pili.

Chombo kilivyoundwa huelezwa kwa "-a" na kitenzi-jina: roketi ya kutumika tena, kama tusemavyo maji ya kunywa. Maji ya kunywa bado yapo mtungini, yaliyonywewa hayapo.

Tukitaka kusimulia historia ya roketi moja, tuna "iliyokwisha kuruka", na hapo lugha inatusaidia kuielewa habari yenyewe. Mei 2020, SpaceX, kampuni binafsi ya Marekani, ilipowapeleka wanaanga wawili wa NASA, shirika la anga la nchi hiyo, roketi yao, Falcon 9, ilikuwa ya kutumika tena, lakini ilikuwa mpya kabisa. Aprili 2021 wanaanga wanne wakapanda nyingine, ambayo sehemu yake ya chini ilikwisha kuruka Novemba iliyotangulia. Nasema sehemu ya chini kwa makusudi: ndiyo yenye injini tisa, ndiyo inayorudi na kutua wima. Ya juu hairudi kutumika. Boeing nao, kampuni nyingine ya Marekani, Juni 2024, waliwarusha wawili kwa Atlas V, roketi ya kuruka mara moja tu. Pale kilichoundwa kutumika tena ni Starliner, chombo walimokaa wanaanga. Kwa hiyo kichwa kile kimepotosha habari pia, si lugha peke yake.

Wala usiwaambie wanafunzi kwamba hili ni jambo la Kiswahili bora tu. Hata mjini, anayesema "yenye ilishatumika" hakusudii "ya kutumika tena". Mimi ningeandika: "Kampuni binafsi zashindana kurusha wanaanga, nyingine kwa roketi za kutumika tena."