Anzia Kwenye Ndoano: Kuchagua Chambo na Vifaa vya Kuvua Besi

Karibu kila anayeanza kuvua besi huuliza kwanza fimbo ipi ni nzuri. Nakuomba swali hilo uliweke kando kidogo. Fimbo haiwezi kuwa nzuri wala mbaya kabla hujajua itarusha chambo gani, na chambo hukichagui kabla hujajua samaki amejificha wapi. Mimi huenda kwa mpangilio huu: mahali, chambo, ndoano, mshipi, ndipo rili (kifaa cha kukunjia mshipi) na fimbo. Wengi hupita njia hiyo kinyumenyume, wakajikuta na fimbo ya bei kubwa isiyoweza kurusha hata kimoja kati ya vyambo walivyonunua.

Mjue kwanza samaki mwenyewe. Besi wa mdomo mkubwa asili yake ni Amerika Kaskazini, ila amepandikizwa katika maziwa na mabwawa ya mabara mengine mengi. Utamtambua kwa taya: akifunga mdomo, kona yake hupita nyuma ya jicho. Ndugu yake wa mdomo mdogo hupenda zaidi mawe, maji ya baridi na mikondo. Huyu wa mdomo mkubwa ni mviziaji. Hukaa kwenye kivuli cha gogo, ukingoni mwa magugu au chini ya gati, akisubiri kitu kipite karibu. Kikipita, hufungua mdomo ghafla, maji yakafyonzwa ndani pamoja na mawindo. Ubavuni ana mstari wa hisia unaopokea mitikisiko ya maji, kwa hiyo hata usiku, au maji yakiwa tope, bado anajua kitu kinapita upande gani. Ukishika mambo hayo matatu, yaani maficho, ufyonzaji na mtikisiko, karibu kila ushauri wa vifaa utakuwa na sababu unayoiona.

Tuanze na maficho, kwa sababu ndiyo yanayoamua unene wa mshipi. Mgeni hudhani mshipi mnene ni kwa ajili ya samaki mkubwa. Rekodi ya dunia ya besi wa mdomo mkubwa iliwekwa na George Perry huko Georgia, Marekani, mwaka 1932, kwa samaki wa kilo 10.09. Mwaka 2009 Manabu Kurita alivua wa kilo 10.12 katika Ziwa Biwa, Japani. Tofauti ilikuwa ndogo mno kuivunja rekodi kwa kanuni zilizopo, hivyo wawili hao wanahesabiwa sare. Ndiyo kusema, samaki mkubwa kuliko wote waliosajiliwa wa aina hii ana uzito wa takribani ratili 22, na wengi utakaowashika hawatafika hata robo ya hapo. Kwa maji ya wazi, mshipi wa ratili 10, yaani unaohimili mvuto wa ratili 10 kabla ya kukatika, unatosha kabisa. Mshipi wa ratili 50 unahitajika pale unapomtoa samaki ndani ya magugu mazito, maana hapo unavuta besi pamoja na furushi la majani, tena unapaswa kumwinua kabla hajajizungusha kwenye mashina. Kwa hiyo soma maji kwanza, ndipo usome kibandiko cha mshipi.

Sasa ndoano, ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo zima. Vyambo vya besi vimegawanyika makundi mawili makubwa kwa ndoano zake. Kundi la kwanza lina ndoano nyembamba za meno matatu, kama kranki (samaki bandia mgumu) na popa (chambo kinachoelea juu ya maji). Meno hayo ni makali na membamba, hupenya kwa nguvu ndogo, lakini pia huchomoka kirahisi au kuchana nyama ukivuta kwa fujo. Kundi la pili lina ndoano moja nene, kama mnyoo wa plastiki, chura wa plastiki na jigi (ndoano yenye kichwa kizito). Ndoano hii inahitaji nguvu ya kweli ili ipenye, hasa ncha yake ikiwa imefichwa ndani ya plastiki, maana inabidi itoboe plastiki kwanza kisha mdomo. Ikishapenya, haitoki kirahisi.

Kutoka hapo vifaa vinajichagua vyenyewe. Ndoano za meno matatu zinataka fimbo laini inayopinda hadi katikati. Fimbo kama hiyo huchelewa kidogo kumnyang'anya samaki chambo anapokifyonza, na baadaye hubaki imepinda ikishikilia mvuto usiokatika wakati anaruka na kutikisa kichwa. Ndoano moja nene inataka fimbo ngumu inayopinda karibu na ncha tu, na mshipi usiovutika sana. Ukimpa mtu kranki kwenye fimbo ngumu na mshipi wa kusukwa, atapoteza samaki baada ya samaki na kulaumu ndoano. Mpe mnyoo uliofichwa ndoano kwenye fimbo laini na nailoni nyembamba, ndoano haitapenya kamwe.

Mishipi iko ya aina tatu. Nailoni huvutika, haichoshi bajeti, na husamehe makosa ya mkono. Msongamano wake ni mkubwa kidogo tu kuliko wa maji, kwa hiyo huzama polepole sana na inafaa hata kwa vyambo vya juu ya maji. Flurokaboni ni nzito zaidi, karibu mara 1.8 ya maji, hivyo huzama. Inastahimili kukwaruzwa na mawe, na namna inavyopindisha mwanga inakaribiana na maji, ndiyo maana haionekani kwa urahisi. Usiifunge kwenye popa, kwa sababu itakivuta kichwa chini na kuharibu mwendo wake. Mshipi wa kusukwa huelea, hauvutiki karibu hata kidogo, na ni mwembamba sana kwa nguvu yake. Unakata magugu vizuri, ila unaonekana wazi majini. Njia inayowafaa wengi ni kujaza rili kwa mshipi wa kusukwa kisha kuunga mbele kipande cha flurokaboni, kama mita moja au mbili. Na kabla ya kuufunga mshipi wa kusukwa kwenye rili, zungushia kwanza nailoni kidogo, la sivyo utateleza kwenye ngoma, yaani sehemu ya rili inayokunjiwa mshipi, na utadhani breki ya rili imeharibika.

Kuhusu vyambo vyenyewe, maduka yana rangi na maumbo ya kutia kizunguzungu. Mimi ningekupa vinne tu na kukusihi uvijue.

Cha kwanza ni mnyoo wa plastiki. Minyoo ya kisasa ya plastiki laini ilianza kutengenezwa na Nick Creme huko Akron, Ohio, mwaka 1949, na mpaka leo sijui chambo kinachomfundisha mgeni haraka kuliko hiki. Chukua mnyoo wa sentimita 12 hadi 15, ndoano pana ya ukubwa namba 3/0 au 4/0, na risasi, yaani kipande cha madini mazito cha kuzamishia chambo, yenye umbo la tone iliyotobolewa katikati. Pitisha mshipi ndani ya risasi, funga ndoano, ingiza ncha kichwani mwa mnyoo kiasi cha nusu sentimita, itokeze pembeni, izungushe, kisha irudishe ndani ya mwili ili ncha ijifiche. Angalia mnyoo ukae umenyooka. Ukikaa umepinda, utazunguka majini na kuusokota mshipi wote. Mpangilio huu unaitwa wa Texas, na uzuri wake ni kwamba unapita ndani ya matawi na magugu bila kunasa.

Uzito wa risasi ndio unaoamua kasi ya kuanguka, na besi mara nyingi hukamata chambo kikiwa kinaanguka. Anza na risasi nyepesi kuliko unavyodhani, kama gramu 5 au 7. Ongeza pale tu ambapo upepo, kina au unene wa magugu unakulazimisha. Ukiweza, tumia tangsteni, metali nyingine, badala ya risasi ya kawaida. Ni nzito zaidi kwa ukubwa uleule, hivyo kipande kidogo kinakupa uzito unaotaka, na ugumu wake unakuletea mkononi tofauti ya mawe, mchanga na mti. Tena risasi ni sumu kwa ndege wa majini wanaoimeza. Uingereza ilipiga marufuku vipande vingi vya risasi vya kuvulia mwaka 1987 kwa sababu hiyo.

Kudonolewa kwa mnyoo ndiko kunakowashinda wengi. Usingoje mvuto mkubwa. Utahisi mguso mdogo kwenye kidole, au utaona mshipi unasogea pembeni bila upepo, au chambo kinaacha kushuka kabla hakijafika chini. Zungusha rili uondoe ulegevu, kisha inua fimbo kwa nguvu moja.

Cha pili ni spina, waya uliopinda wenye ndoano iliyovikwa nyuzi upande mmoja na vibati vinavyozunguka upande wa pili. Hapa ndipo mtikisiko unapofanya kazi. Kibati cha duara hutikisa maji sana na huruhusu mwendo wa polepole, kwa hiyo ni cha maji ya tope au ya baridi. Kibati chembamba kama jani hutikisa kidogo lakini humetameta, nacho ni cha maji maangavu na mwendo wa haraka. Gramu 10 zinatosha kwa kuanzia.

Cha tatu ni kranki, samaki bandia mgumu mwenye ulimi mbele. Ulimi mfupi uliosimama humpeleka chini kidogo, ulimi mrefu uliolala humpeleka chini sana. Kina kilichoandikwa kwenye pakiti si ahadi, kwa sababu mshipi mnene hukinzana na maji na kumzuia asishuke, na mrusho mfupi haumpi nafasi ya kufika. Mchague anayekwenda chini kidogo kuliko kina cha maji, ili agonge mawe na magogo. Pale anapogonga na kubadili mwelekeo ghafla ndipo besi hushindwa kujizuia.

Cha nne ni chambo cha juu ya maji, popa kwa mfano, kwa asubuhi na jioni maji yakiwa ya vuguvugu na yametulia. Jambo moja tu hapa: maji yakilipuka, usivute. Subiri uhisi uzito wa samaki, ndipo uvute. Macho yatakuambia ufanye kinyume, nayo ndiyo yanayopoteza samaki wengi kwenye chambo hiki.

Rangi nitaipitia haraka, kwa kuwa ndiyo inayouza vyambo vingi na kuamua kidogo. Maji maangavu: rangi za asili, kijani cha maboga, kahawia, fedha. Maji ya tope: nyeusi na buluu, au njano kali. Joto la maji lina uzito zaidi ya rangi. Besi hana joto lake mwenyewe, hivyo maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za selsiasi mwili wake hupungua kasi, na chambo kinachokimbia hatakifuata. Maji yakifika takribani nyuzi 16 hadi 20 huja pembezoni kutaga, na dume hulinda kiota. Ukimkamata hapo, mrudishe mara moja mahali pale pale, kwa sababu samaki wengine hula mayai asipokuwepo.

Sasa fimbo na rili. Juu ya mpini kuna maandishi madogo yanayotaja uzito wa vyambo na nguvu ya mshipi. Uzito hutajwa kwa gramu au wakia, na herufi lb maana yake ni ratili. Hayo ndiyo ya kusoma kabla ya jina la kampuni. Kama unanunua seti moja tu, ningechukua fimbo ya spini ya mita 2 hadi 2.1, ya nguvu ya wastani, ya vyambo vya gramu 5 hadi 15, na rili ya spini (ambayo ngoma yake haizunguki unaporusha) yenye mshipi wa kusukwa wa ratili 15. Itarusha karibu vyote nilivyotaja. Kwenye kranki, legeza breki na usivute kwa ghafla, kwa kuwa mshipi huo hauvutiki. Chura wa plastiki kwenye magugu mazito, seti hii haitamweza. Huyo mngojee seti ya pili, yenye rili ya ngoma (ambayo ngoma yake huzunguka unaporusha), fimbo ngumu na mshipi wa ratili 50 au zaidi.

Rili ya ngoma ina nguvu na shabaha, lakini ngoma ikizunguka haraka kuliko chambo kinavyokwenda, mshipi hujisokota kuwa kiota. Kaza kitufe cha pembeni mpaka chambo kishuke polepole na ngoma isimame chambo kinapogusa ardhi. Weka breki ya mrusho karibu na juu kabisa, kisha ipunguze kidogo kidogo kadiri kidole gumba kinavyojifunza.

Breki inayomwachia samaki mshipi iweke kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Pima kwa mizani ndogo ya kuning'iniza, usikisie kwa mkono.

Fundo nalo lina haki yake. La Palomar linatosha kwa mishipi yote mitatu: kunja mshipi uwe nyuzi mbili, upitishe kwenye tundu la ndoano, funga fundo la kawaida lililolegea, pitisha ndoano yote ndani ya kitanzi, lowesha kwa mate, kaza taratibu. Kulowesha si mapambo. Msuguano wa kukaza fundo kavu huzalisha joto linalodhoofisha nailoni na flurokaboni. Baada ya kila samaki na kila kunasa kwenye jiwe, pitisha vidole kwenye mita ya mwisho ya mshipi. Ukihisi mkwaruzo, kata na ufunge upya.

Beba koleo refu la kuchomolea ndoano, na ikiwa utawarudisha samaki, bonyeza vijino vya nyuma ya ncha hadi vilale. Lowesha mikono kabla ya kumshika, na ukimnyanyua aliye mzito, mtegemeze na tumboni, usimning'inize kwa taya pekee. Kabla ya yote hayo, ulizia sheria za maji unayokwenda kuvua, kwa sababu kibali, msimu na ukubwa unaoruhusiwa hutofautiana, na sehemu nyingine besi ni samaki mgeni asiyetakiwa kuhamishwa kutoka bwawa moja hadi jingine.

Ukirudi, acha sanduku wazi mpaka ndoano zikauke, la sivyo kutu itaanza kwenye ncha. Na minyoo ya plastiki laini iache kwenye pakiti yake. Ukiichanganya na kranki, kemikali zake huyeyusha rangi na plastiki ngumu, na utakuta vyote vimegandana.