Kituo cha sanaa mtaani kina kazi gani?

Dada yangu wa Chang'ombe, nimekuelewa: una chumba cha mbele, unataka kiwe kituo cha sanaa kwa vijana, ila mumeo anauliza kitaingiza nini. Kituo kisicho cha faida si duka la picha, mwambie hivyo mapema. Kazi yake ni kumpa kijana asiye na hela meza, brashi na mtu wa kumwelekeza. Kituo changu nilikianza na watoto tisa pale Kikuyu, Dodoma. Rangi ikaisha wiki ya pili, tukasaga udongo mwekundu, tukauchanganya na gundi ya mbao. Mmoja akachora twiga kama wale wa michoro ya kale ya miambani Kolo, Kondoa, hakuondoka mpaka giza.

Usikimbilie kusajili NGO, yaani shirika lisilo la kiserikali. Anzeni kama kikundi, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mkikua, nendeni kwa Msajili wa NGOs.

Hela ndiyo ya kuogopa. Nilipokea msaada kwenye simu yangu, ugomvi ukavunja kikundi. Fungueni akaunti ya kikundi, saini ziwe tatu. Wazazi waandike ruhusa. Mfadhili akileta mkataba, wakili ausome kabla hamjasaini.