Kufomati, kufuta au kupiga windo?

Bi mmoja wa Chake Chake kaniuliza hivi: “Kompyuta yetu ya nyumbani imekuwa nzito, ukiiwasha unaweza kuchemsha chai ukanywa na bado haijafunguka. Fundi anasema dawa yake kuifomati. Mume wangu ni mwalimu wa skuli, anasema hilo si Kiswahili, niseme kuifuta. Mdogo wangu yuko Unguja, yeye anasema huko wanaita kupiga windo. Mie nishike lipi? Na ikishafanyiwa niseme imefomatiwa au imefomatika?”

Ahsante sana bi mkubwa, na nakujibu kwa urefu kidogo maana hapa neno likikosewa kuna hasara. Fundi wako kasema sawa, kufomati ni Kiswahili kama kilivyo Kiswahili kukubali na kubadili, nayo maneno ya kuazima, na hilo la mwalimu la kuifuta ndo linaloniogopesha zaidi.

Dada yangu mwenyewe yalimkuta. Kompyuta yake ilikuwa inavuma kama pangaboi bovu, kuiwasha shida, akaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, yule kijana akamwambia “niachie ntakusafishia yote”. Dada akajua ni vumbi, ataifungua atapuliza atapitisha brashi. Alivyoirudisha nyumbani ilikuwa nyepesi kweli, inafunguka mara moja, lakini ukurasa wa mbele mtupu, hakuna picha za nikaha ya binti yake, hakuna zile za marehemu baba alizozipiga barazani. Alivyorudi kuuliza kijana akamjibu “si nilikwambia ntakusafishia?” Na wala hakudanganya, kwake yeye kusafisha ndo kufomati. Toka siku ile mie sikubali hata kidogo mtu atumie kusafisha au kufuta kwa kazi hii.

Sasa tofauti yenyewe. Kufuta sote tunakujua toka skuli, unafuta ubao, chaki inaondoka na ubao unabaki vilevile. Kwenye kompyuta nako ukifuta faili umeondoa hilo faili tu, mpangilio wa diski, yaani kile chombo cha ndani kinachoweka vitu vyako vyote, hujaugusa. Kufomati ni jambo jengine, diski inapangwa upya yote, inaandikiwa daftari jipya la kuonesha kitu gani kinakaa wapi, na vyote vilivyokuwemo vinahesabiwa havipo. Chukulia ghala limejaa magunia ya karafuu na kila gunia limeandikwa daftarini ni la nani na liko pembe gani, ukalichana daftari ukaweka jeupe. Magunia yapo lakini hayana mwenyewe, na mzigo mpya ukija unawekwa mahala pake. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hiyo ndo fomati ya haraka, ndo maana kwenye zile diski za zamani za kuzunguka mtaalamu anaweza akaokoa vitu kama hujaandika vyengine juu yake. Fomati kamili kwenye Windows, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, toka toleo la Vista lililotoka 2007, inaandika sifuri diski nzima, hapo usitarajie kupata kitu tena.

Kupiga windo nalo nalipenda, limeumbwa kwetu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga chapa, kwa nini tusipige windo? Ila maana yake ni kuweka Windows upya, sio kufomati. Mara nyingi fundi anafanya yote mawili pamoja ndo watu wakayachanganya, lakini windo inaweza kupigwa bila kufomati na vitu vya zamani vikawekwa kwenye folda inayoitwa Windows.old. Na unaweza ukafomati bila kupiga windo, mfano diski imegawiwa sehemu mbili, C na D, ukafomati sehemu ya D wakati Windows imekaa C, utapoteza mafaili yako na uzito uko palepale.

Mwalimu akitaka neno lenye asili ya Kibantu lipo, kuumbiza, limetokana na umba, na jina lake umbizo utalikuta kwenye programu za Microsoft za Kiswahili. Ni neno zuri, ila huko umbizo mara nyingi ni mambo ya maandishi, kukoza herufi, kupanga aya, ukubwa wa pambizo. Kwa hiyo mie naligawa hivi, barua naiumbiza, diski naifomati. Ukimwambia fundi wa Wete akuumbizie diski atakutizama tu.

La imefomatiwa na imefomatika. Kwa sababu neno haliishii na a, linakwenda njia moja na kubali na badili. Hatusemi “sikubale”, basi na hapa ni sifomati, na mwambie fundi aifomati, sio “aifomate”. Kuna mtu kaifanya, imefomatiwa, kama ilivyobadiliwa. Imefomatika ni kwamba kazi imekubali, na kinyume chake ndo utakisikia sana kwa mafundi, “hii diski haifomatiki”, hapo ujue diski yenyewe pengine imekufa, na kama ndo iliyokuwa ikileta uzito basi dawa ni kununua nyengine. Kwa mtu tunasema nifomatie. Na wewe ukiipeleka kwa fundi umeifomatisha, yeye ndo kaifomati, hapa vijana wengi wanakosea wanasema “nimeifomatisha” na kazi wameifanya kwa mikono yao.

Hadidiski, diski kuu, au diski tu, yote sawa, bora muelewane.

Na hilo “nzito” pia ulifafanue ukifika kwa fundi, maana inachelewa kuwaka, inaganda katikati ya kazi, na inazima yenyewe ni maradhi matatu mbalimbali. Kufomati kunasaidia pale uzito umeletwa na programu zilizorundikana au virusi, memori ikiwa ndogo au feni imejaa vumbi utafomati leo na wiki ijayo uko palepale. Kwa hiyo bi mkubwa usiseme nisafishie wala nifutie, mwambie: “Hamisha kwanza picha na mafaili yangu kwenye diski nyengine, nifungulie niyaone kwa macho yangu, halafu ndo uifomati.”