Maneno ya daktari na misimbo ya kompyuta: maswali yenu

Swali: Tunahamishia mafaili ya wagonjwa kwenye kompyuta. Naambiwa kuna mifumo ya misimbo, yaani alama fupi za magonjwa na vipimo: ICD, SNOMED CT na LOINC. Tuchague upi?

Jibu: Hamchagui mmoja, kwa sababu kila mmoja una kazi yake. ICD ya Shirika la Afya Duniani ni ya kuhesabu: wangapi wameugua nini, wangapi wamekufa kwa nini. Chimbuko lake ni orodha ya sababu za vifo aliyoitoa Jacques Bertillon mwaka 1893. Kwa kuwa ni ya hesabu, kila ugonjwa una fungu lake moja, usije ukahesabiwa mara mbili. SNOMED CT, iliyotoka mwaka 2002, ni ya kumweleza mgonjwa mmoja kwa undani. Ina dhana zaidi ya 350,000, na dhana moja yaweza kuwa na wazazi kadhaa: nimonia ya bakteria ni ugonjwa wa mapafu na papo hapo ni maambukizi ya bakteria. LOINC ni ya vipimo, hasa vya maabara.

Swali: Daktari kaandika "malaria" basi. Niweke msimbo B50?

Jibu: Usiweke. Katika ICD-10, toleo la kumi la ICD, B50 ni malaria ya kimelea Plasmodium falciparum, na faili halijasema hivyo. Weka B54, malaria isiyobainishwa, au mrudie daktari umuulize. Hata kama unaamini moyoni kwamba ni falciparum, imani yako si matokeo ya kipimo.

Swali: Programu yetu husoma maelezo ya daktari na kutoa misimbo yenyewe. Mbona wagonjwa wa kisukari wameongezeka ghafla?

Jibu: Kabla ya kuulaumu ugonjwa, fungua mafaili kumi uyasome kwa macho yako. Niliwahi kufanya hivyo, na katika ukurasa mmoja nikakuta mistari hii: "Hana kisukari." "Mama yake ana kisukari." "Apimwe kisukari." Mgonjwa yule hakuwa na kisukari hata kidogo, lakini programu ililiona neno mara tatu ikamwandika mgonjwa. Mstari wa kwanza ni kanusho. Wa pili ni historia ya familia, nao una msimbo wake, Z83.3. Wa tatu ni agizo tu.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Programu nyingi zimezoeshwa kutafuta neno la kukanusha linalosimama peke yake kabla ya dalili. Sisi tunakanusha ndani ya kitenzi: anakohoa, hakohoi, ametapika, hajatapika. Programu inayokata kitenzi ibaki na mzizi huitupa ile "ha-" ya mwanzo, na mtu asiyekohoa anageuka mwenye kikohozi. Mwombeni fundi wenu aijaribu kwa sentensi za namna hii kabla hamjaiamini na mgonjwa hata mmoja.

Swali: Kwenye faili kumeandikwa "MS" tu. Ni nini?

Jibu: Inategemea aliyeandika. Kwa daktari wa moyo, ni kubana kwa vali ya mitrali. Kwa wa mishipa ya fahamu, ugonjwa wa multipo sklerosisi. Kwenye karatasi ya dawa yaweza kuwa mofini, dawa ya maumivu. Usikisie.

Swali: Maabara mbili zinatuletea kipimo kinachoitwa "sukari". Msimbo mmoja unatosha?

Jibu: Jina moja halitoshi. LOINC huuliza mambo sita: kinachopimwa, sifa inayopimwa, muda, sampuli, aina ya jibu na, inapohitajika, njia ya kupima. Sukari ya plazma kwa kizio cha mg/dL ina msimbo 2345-7. Kwa mmol/L ni 14749-6. Mkiziunganisha ovyo, 126 ya huku na 7.0 ya kule zitaonekana kama watu wawili tofauti kabisa, kumbe ni kiwango kilekile.

Swali: Tukishaweka msimbo, tufute maandishi ya awali ili kuokoa nafasi?

Jibu: Hapana, nakusihi. Nimeona faili lililoandikwa "maumivu ya kifua yanayoanza akipanda ngazi, yanatulia akipumzika". Aliyeoanisha maneno hayo na msimbo aliweka R07.4, maumivu ya kifua yasiyobainishwa. Zile ngazi ndizo zinazomfanya daktari auwazie moyo, na kwenye msimbo hazipo.

Tena ICD-11, toleo linalofuata ICD-10, ilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Siku mtakapohamia huko, mwenye maneno ya daktari ataoanisha upya kutoka kwenye chanzo; mwenye R07.4 pekee atahamisha R07.4. Kwa hiyo wekeni maneno na msimbo bega kwa bega, pamoja na toleo la orodha, tarehe, jina la aliyeoanisha, na alama inayoonyesha kama msimbo ni sawa na alichosema daktari, ni mpana kuliko alichosema, au ni finyu zaidi.