Bodi ya treni ndogo ikipasuka, usikimbilie supaglu

Wewe uliyeingia juzi kwenye mchezo huu wa treni ndogo, najua injini ikidondoka na bodi kupasuka mkono unakwenda wapi: kwenye supaglu. Wangu ulikwenda hukohuko. Niliunga kona ya behewa nikalala nimefurahi. Asubuhi nikakuta madirisha yameota ukungu mweupe kwa ndani, na nilipobana bodi kidogo tu kuirudisha kwenye chasisi, ufa ukaachia palepale. Ukungu ule ni mvuke wa supaglu. Nayo ikishakauka haivumilii kupindwa.

Bodi nyingi za treni za vipimo vya HO (1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko treni halisi) na OO (1:76) ni za polistairini au ABS. Plastiki hizi ni bora uziyeyushe kuliko kuzibandika. Tafuta gundi ya plastiki ile nyepesi kama maji, yenye brashi kwenye kifuniko. Inalainisha kingo zote mbili, zinashikamana, na ikivukiza panabaki plastiki tupu. Fungua dirisha, harufu yake si ya mchezo.

Okota kila kipande, hata cha ukubwa wa punje ya mchele. Kingo za ufa usizipige msasa, maana yale meno-meno ndiyo yanayoonyesha kipande kinakaa wapi. Toa vioo vya madirisha, panga vipande vikavu, funga kwa rababendi. Sasa, kwa upande wa ndani, gusisha ncha ya brashi kwenye ufa mara moja tu. Utaona gundi inakimbia yenyewe kama mafuta ya taa kwenye utambi. Kidole kisiwe juu ya ufa: gundi itapita chini yake na alama ya kidole ibaki kwenye rangi. Ninayo moja kwenye paa la kijani, imetoka safi kiasi cha kufungulia simu.

Acha siku nzima. Kisha bandika kiraka cha shiti ya polistairini kwa ndani, nusu milimita yatosha, ila hakikisha hakigusi mota.

Pengo likibaki, katakata mabaki ya polistairini uyaloweke kwenye gundi ileile mpaka yawe uji. Jaza kupita kiasi kidogo, kwa sababu husinyaa, usubiri siku kadhaa, ndipo upige msasa wa maji: namba 400, 600, kisha 1000.

Vishikio vyembamba vya pembeni mara nyingi ni vya plastiki nyingine, ile yenye utelezi, na gundi hii haivifanyi kitu. Hapo itabidi utumie supaglu, tone la ncha ya sindano, vioo vikiwa bado nje.

Na ukitaka kutoa rangi, tumia alkoholi ya isopropili, ukijaribu kwanza pasipoonekana. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, iache bafuni. Mlango wa dereva wa injini yangu moja ulilainika kama ubani uliotafunwa, na kwa huo sikupata kiraka.