Wasomaji Wanauliza: Porcupine Tree, Kimya cha Miaka 12 na Mapigo Matano

Barua tatu za mwezi huu zinahusu albamu moja, "Closure/Continuation" ya bendi ya Uingereza Porcupine Tree, nami sikupanga iwe hivyo. Mbili zilifika katika juma moja, na ya tatu ilikuwa imekaa mezani kwangu tangu msimu wa korosho ulipofunguliwa. Nimeona afadhali zijibiwe pamoja.

*Mzee mwenzangu wa safu, salaam. Mimi ni mstaafu, naishi Shangani hapa Mtwara. Kijana wangu alipokuja likizo aliniwekea katika simu albamu ya bendi ya Waingereza iitwayo Porcupine Tree, akanieleza kwamba walikuwa wamekaa kimya zaidi ya miaka kumi na sasa wamerudi. Nimekulia katika dansi, kwa hiyo wimbo mrefu haunitishi. Lakini huu wa kwanza, nikiufuata kwa mguu, baada ya kitambo mguu unakuwa na safari yake na ngoma ina safari yake. Je, masikio yangu yamechoka? Na la pili: watu wazima walioachana miaka yote hiyo kisha wakarudiana, wanarudishwa na muziki au na njaa?* (Mstaafu, Shangani, Mtwara)

Salaam nimezipokea, mzee mwenzangu. Masikio yako ni mazima. Kinachokosea ni hesabu ya mguu, na hata mguu wenyewe hauna kosa kubwa, kwa kuwa umefundishwa kuhesabu nne tangu utotoni. Wimbo huo, "Harridan", unafunguliwa na gita la besi linalokwenda kwa mapigo matano katika kila duru. Mguu wako unapiga mara nne kisha unarudi mwanzo, wakati besi bado imebakiwa na pigo moja mkononi. Duru ya kwanza ikiisha umeitangulia besi kwa pigo moja, ya pili kwa mawili, ya tatu kwa matatu, na ya nne ikiisha mnakutana tena mlangoni kana kwamba hamkuwahi kupoteana.

Ili nisikuandikie jambo la kubahatisha, niliketi mkekani nikapanga korosho 20, tano tano katika safu nne, nikawa nagusa moja kwa kila pigo huku wimbo ukienda. Safu ya kwanza ilikwenda sawasawa, na ya pili vilevile. Katika safu ya tatu mjukuu wangu alikuwa amekwisha kula korosho ya mwisho, nami nikapotea pale pale unapopotea wewe. Jaribu zoezi hilo, ila mkekani uwe peke yako.

Aliyezoea mashairi atanielewa upesi zaidi. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 katika mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, na sikio likishazizoea, mshororo uliopungukiwa na mizani moja humshtua msikilizaji kabla hajajua kilichomshtua. Watunzi wa roki ya progresivu, ambayo ndiyo shule walikotoka hawa, hupunguza na kuongeza mizani kwa makusudi, wakiujenga wimbo mzima juu ya mshtuko huo. Wimbo wa pili katika albamu yako, "Of the New Day", ndio wenye hila kuliko yote, kwa sababu ukiusikia hivi hivi utadhani ni wimbo wa mapenzi wa taratibu usio na makuu, kumbe kila mara duru zake zinabadilika urefu, hii ya mapigo matatu, ile ya manne, nyingine ya matano au sita, hadi inapatikana ya 11. Huo usiuhesabu. Msikilize mwimbaji tu, yeye anajua anakokwenda.

Kwa "Harridan" ushauri wangu ni kwamba ushike besi, uziache ngoma. Wewe umekaa Mtwara na umeona sindimba ikichezwa: ngoma ndogo zina maneno yao na ile kubwa ina maneno yake, wala mchezaji hazifuati zote kwa pamoja, bali kiuno chake huchagua moja ya kushika, na zilizobaki zikawa mapambo. Gavin Harrison, mpiga ngoma wa bendi hii, ni fundi wa kumpotosha msikilizaji anayemfuata yeye, maana huweka pigo zito mahali usipolitarajia. Lakini besi hurudia neno lake hadi uliamini.

Sasa hilo la njaa. Porcupine Tree ilianza mwaka 1987 katika mji wa Hemel Hempstead, Uingereza, nayo ilianza kama mzaha: kijana Steven Wilson alirekodi nyumbani peke yake, akiitungia bendi isiyokuwapo historia ya uongo. Mzaha ukapata wapenzi, na kufikia mwaka 1993 ilikuwa bendi ya kweli jukwaani, kinanda kikipigwa na Richard Barbieri, aliyetoka katika kundi lililoitwa Japan. Harrison aliingia mwaka 2002. Walikwenda hivyo mpaka albamu ya mwaka 2009, "The Incident", ambayo sehemu yake kubwa ni utunzi mmoja wa takriban dakika 55. Oktoba 2010 walipiga katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, kisha wakanyamaza. Hapakuwa na tangazo la kuvunja bendi wala ugomvi wa hadharani.

Katika kimya hicho hakuna aliyelala njaa. Wilson alitoa albamu kwa jina lake mwenyewe mwaka 2011, 2013, 2015, 2017 na 2021, akawa na jina kubwa kuliko alilokuwa nalo ndani ya bendi. Harrison alikuwa miongoni mwa wapiga ngoma watatu waliopangwa mstari wa mbele wa jukwaa la King Crimson, bendi kongwe ya roki ya Uingereza, tangu mwaka 2014, na bado akapata nafasi ya kupiga na bendi nyingine, The Pineapple Thief. Jambo ninalotaka ulishike, hata ukiyasahau mengine yote, ni kwamba nyimbo hizi unazozisikia hazikutungwa mwaka wa kurudi. Zilikuwa zikikusanywa polepole katika faili la kompyuta lililoitwa PT2012, baadaye likabadilishwa jina likawa PT2015, kisha PT2018. Hebu litazame hilo faili: watu wanakutana, wanarekodi kidogo, wanaondoka kila mtu na shughuli zake, na kila baada ya miaka mitatu mtu anasogeza tarehe mbele, kama mwenye nyumba isiyoezekwa anavyosema "mwakani". Janga la korona lilipofunga majukwaa mwaka 2020 ndipo walipopata muda wa kuezeka. Tangazo likatoka tarehe 1 Novemba 2021 pamoja na "Harridan", na albamu yenyewe, "Closure/Continuation", ikatoka tarehe 24 Juni 2022. Ilifika nafasi ya pili katika chati ya Uingereza na ya kwanza Ujerumani.

Kuna kurudi kwa namna nyingi. Robert Fripp, kiongozi wa King Crimson, aliivunja bendi hiyo mwaka 1974, na aliporudi na albamu "Discipline" mwaka 1981 alikuja na Wamarekani wawili wapya, Adrian Belew na Tony Levin, pamoja na muziki ambao wapenzi wa zamani hawakuutambua hata kidogo: hiyo ni nyumba mpya juu ya kiwanja cha zamani. Tool, bendi ya Marekani, walipitisha miaka 13 kati ya albamu yao ya mwaka 2006 na ile ya mwaka 2019, na sehemu ya muda huo ililiwa na kesi. Pink Floyd walitoa "The Endless River" mwaka 2014 kwa kutumia sana rekodi walizofanya zaidi ya miaka 20 kabla, wakati mpiga kinanda wao Richard Wright alikwisha kufariki mwaka 2008. Hiyo mimi huihesabu kuwa hitima, na hitima haipimwi kwa ubora wa chakula. Hawa wa kwako hawakujenga upya wala hawakumsomea mtu hitima. Walikuwa kazini muda wote, isipokuwa mlango ulikuwa umefungwa. Ndiyo maana albamu hii haina ile harufu ya nguo iliyotolewa sandukuni.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mpiga besi wa kwaya huku Ndanda. Kwa kuwa napiga chombo hicho, ninaumia ninaposikia kwamba Porcupine Tree wamerudi bila mpiga besi wao wa zamani na bado wanatumia jina lile lile. Hiyo ni bendi ile ile kweli?* (Mpiga besi wa kwaya, Ndanda, Masasi)

Marahaba, mwanangu. Ni kweli Colin Edwin, aliyeshika besi tangu walipoanza kupanda jukwaani mpaka Royal Albert Hall, hayumo. Besi yote ya albamu hii imepigwa na Wilson mwenyewe, na jambo hilo lilianza kwa chai. Alikwenda nyumbani kwa Harrison, wakaamua kupiga kidogo, na chombo alichokishika kilikuwa besi badala ya gita lake la kila siku. Nyimbo zikaanza kuota kutoka katika besi, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Kwa hiyo sauti ya kwanza unayoisikia albamu ikifunguka ni besi, na kwa sisi wa chombo hicho hiyo ni heshima, hata kama imetoka mkononi mwa mgeni.

Nami nakiri kwamba nina kidonda changu. Nilipiga besi katika bendi ya dansi tulipokuwa tukiufuata msimu wa korosho, Lindi, Nachingwea, Masasi, Newala, kwa kuwa fedha ikiwa mikononi mwa wakulima hata bendi za Dar es Salaam hushuka kusini. Usiku mmoja nilishikwa na homa, mpiga gita la solo akachukua besi yangu. Alikuwa fundi kunishinda, na hilo ndilo lililotuponza, kwa sababu alijaza kila pengo kwa noti, na wachezaji, ambao hucheza ndani ya mapengo hayo, wakarudi mmoja mmoja vitini. Mimi nilikuwa nimelala nyuma ya jukwaa nikisikia viti vinavyoburutwa.

Kwa kumbukumbu hiyo nilimsikiliza Wilson kwa jicho baya. Anapiga kama mpiga gita, kwa ukali na noti nyingi, na katika "Harridan" ukali huo ndio unaousukuma wimbo, hata nikamsamehe. Lakini katika nyimbo za upole ninamkosa Edwin, aliyependa kutumia besi isiyo na vyuma vya kugawa noti shingoni, ile inayoteleza kutoka sauti moja hadi nyingine kama dhau inayoingia Mikindani. Pengo hilo lipo, na yeyote anayesema halipo hajasikiliza albamu za zamani.

Kuhusu jina, tazama nyumbani. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Waimbaji wamepita na wengine wamezikwa, lakini mtu akiingia ukumbini anasema amekwenda Msondo. Kwetu bendi ni mtindo wake. Mtindo wa Porcupine Tree ulitoka katika kichwa cha Wilson hata kabla hapajawa na bendi, ukakuzwa na vinanda vya Barbieri na ngoma za Harrison, na wote watatu wamo. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ni bendi ile ile, ingawa naelewa ukiendelea kuumia.

*Bando langu ni dogo. Nianze na wimbo upi? Na je, watatoa nyingine?* (Msomaji, Mitwero, Lindi)

Anza na wa mwisho, "Chimera's Wreck". Unazidi dakika tisa, lakini mtu wa pwani aliyezoea taarabu ya kisasa haulizi dakika. Unaanza kwa gita la taratibu, unasimulia bila haraka, kisha unapanda na kupanda hadi unafika mahali ambapo sisi wa dansi tungesema wameingia chemko. Baada ya huo rudi kwenye "Harridan" ukiwa na barua ya mstaafu wa Shangani mkononi. Albamu nzima ina nyimbo saba na dakika 48 hivi, nalo toleo kubwa limeongezwa nyimbo tatu ambazo unaweza kuziacha bila hasara. Pakua mara moja pale penye intaneti ya bure, kisha sikiliza bila bando.

Kama watatoa nyingine, jina la albamu ndilo jibu lao: kufunga, mkwaju (ile alama ya /), kuendelea, na wakauacha mkwaju pale pale. Baada ya kutoa albamu walizunguka Marekani na Ulaya mwaka 2022, wakiongezewa wanamuziki wawili wa jukwaani, na rekodi ya onyesho lao la Amsterdam la Novemba mwaka huo ilitolewa mwaka 2023. Tangu hapo Wilson amerudi katika kazi zake binafsi, akatoa albamu mwaka 2023 na nyingine mwaka 2025. Ningekuwa mcheza kamari ningesema faili jipya limekwisha kufunguliwa mahali fulani, lakini mimi si mcheza kamari.

Jambo moja la mwisho kwako wa Mitwero: usisikilize kwa spika ya simu. Tafuta spika za masikioni, hata ziwe za bei ndogo za pale stendi, kwa maana spika ya simu itakupa sauti ya mwimbaji na gita tu, na ile besi tuliyobishania hapo juu hutaisikia kabisa.