Bismarck na bima ya wafanyakazi

Umeuliza inakuwaje Bismarck, kansela (mkuu wa serikali) na mhafidhina wa kupindukia, ndiye aliyewaletea wafanyakazi wa Ujerumani bima. Ndugu yangu, hakuwa ameongoka. Aliwaogopa Wasoshalisti, na dawa yake ilikuwa kuuma na kupuliza. Mwaka 1878 aliuma: sheria ikapiga marufuku vyama, mikutano na magazeti yao. Kisha akapuliza: bima ya ugonjwa 1883, ya ajali kazini 1884, ya uzee na ulemavu 1889.

Usidhani ilikuwa sadaka. Kwenye bima ya ugonjwa mfanyakazi mwenyewe alichangia theluthi mbili, mwajiri theluthi moja. Ajali ndiyo iliyomwangukia mwajiri peke yake. Hapo Bismarck alitaka hazina ya dola nayo itie mkono, ili mtu akilipwa ajue anamshukuru nani, lakini Reichstag, yaani bunge, ikamkatalia. Aliambulia ruzuku ya serikali kwenye pensheni tu, marki 50 kwa mwaka kwa kila mstaafu. Na pensheni yenyewe! Kadi ya kubandika stempu wiki baada ya wiki, halafu usubiri hadi miaka 70. Kibarua wa kiwandani wa zama zile kufika 70 ilikuwa bahati.

Kama ilimsaidia kisiasa? Wapi. Februari 1890 Wasoshalisti walizoa kura kama milioni 1.4, kuliko chama kingine chochote. Machi yeye mwenyewe akaondoka madarakani, sheria zake za bima zikabaki.